Tuhakiki Hesabu Kabla ya Kumhakiki Mtu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. 

Sisi wanafunzi wa darasa la juu tumepewa nafasi katika jarida letu la mwaka huu tutoe nasaha kwa wadogo zetu. Huenda wengi walitarajia tuandike juu ya kuhifadhi Qur'ani, au mavazi ya stara, au kuwatii wazazi. Hayo yameandikwa sana, na inshaallah yataendelea kuandikwa. Sisi tumechagua kuandika juu ya hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Na ndani ya hesabu tumechagua mambo mawili ambayo wengi wetu tunayaruka. La kwanza ni kukadiria jibu kabla ya kuanza. La pili ni kulihakiki jibu baada ya kulipata.

Tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu haipendezi kumnasihi mwenzako kwa jambo ambalo limekushinda wewe na hujalikiri.

Kopo na daftari

Ramadhani iliyopita madrasa yetu iliandaa futari ya pamoja, na kila mwanafunzi alitakiwa achange Sh 3,000. Sisi tulikabidhiwa daftari la majina. Mwenzetu mmoja, mdogo kwetu kwa miaka mitatu, alikabidhiwa kopo la fedha. Majina ya waliolipa yalijaa kurasa mbili na kuingia wa tatu: ukurasa wa kwanza majina 30, Sh 90,000, wa pili majina 30, Sh 90,000, wa tatu majina 19, Sh 57,000. Usiku wa mwisho tulijumlisha harakaharaka, tukaandika jumla katika buku la hesabu la madrasa: Sh 273,000.

Asubuhi kopo lilipofunguliwa zilikutwa Sh 237,000. Zimepungua Sh 36,000.

Ndugu wasomaji, tuliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yanayotutia haya mpaka leo. Fedha za kopo tulizihesabu mara nne. Noti tulizipanga elfu kumi kumi, elfu tano tano, elfu mbili mbili. Mfuko wa mwenzetu ulitazamwa. Aliulizwa alipita wapi, alikaa na nani, kopo lililala chumba gani. Daftari hatukuligusa hata mara moja. Tulimhakiki mtu, wala hatukuihakiki hesabu.

Siku mbili mwenzetu hakuja madrasa. Siku ya tatu alikuja mama yake. Alifungua pindo la kanga akatoa Sh 10,000, akamwambia ustadhi, "Hizi pokea, ustadhi, zilizobaki nitazileta kidogo kidogo. Mwanangu anasema hakuchukua, lakini mimi siwezi kuiacha futari ya watoto ipungue."

Ustadhi hakuzipokea. Alimwomba mama akae, kisha akatuita sisi wenye daftari.

"Waliolipa ni wangapi?"

"Sabini na tisa, ustadhi."

"Wangekuwa themanini, ingekuwa shilingi ngapi?"

Tukajibu, "Laki mbili na arubaini elfu," na kabla hatujamaliza kulitamka jibu, midomo ikatuganda. Watoto themanini wasingevuka Sh 240,000. Vipi sabini na tisa walete Sh 273,000? Jumla ya kweli ilikuwa Sh 237,000, zilezile zilizokuwamo ndani ya kopo. Tulikuwa tumeibadilisha nafasi 7 na 3 wakati wa kuandika.

Tulimwomba radhi mama, tukamwomba radhi mwenzetu mbele ya darasa zima, naye akatusamehe. Lakini siku mbili zile hatukuweza kumrudishia. Na kilichotuuma zaidi ni kuwa swali la ustadhi halikuhitaji kalamu wala karatasi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kulijibu. Sisi hatukujiuliza.

Kukadiria si kubahatisha

Tumesikia wenzetu wakisema makadirio ni kazi ya mvivu, na kwamba mwanafunzi hodari anatoa jibu kamili. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kubahatisha ni kusema namba iliyokujia kichwani. Kukadiria ni kuzigeuza namba ngumu ziwe nyepesi kwa kujua, huku ukijua pia umeongeza au umepunguza. Tulipoigeuza 79 kuwa 80 tuliongeza mmoja. Basi jibu la kweli lazima liwe chini kidogo ya 240,000. Kadirio halikutupa jibu, lilitupa mpaka, na jibu linalovuka mpaka tunalikataa hata likiwa limeandikwa kwa hati nzuri.

Mama zetu wanalijua jambo hili. Mwende naye mama sokoni Darajani mumsikilize. Samaki 7,500, ndizi 3,800, vitunguu 1,900. Hana kalamu mkononi. Anasema moyoni: elfu nane, elfu nne, elfu mbili, jumla elfu kumi na nne, na kila mahali nimezidisha. Anatoa noti mbili za elfu kumi, na tayari anajua chenji itakuwa zaidi ya elfu sita. Ikija 6,800 anaipokea, kwa sababu vitu vyote pamoja ni Sh 13,200. Ikija 5,800 anasimama palepale, anauliza kwa upole, na muuzaji anaangalia tena. Hakuna aliyetukanwa na hakuna aliyedhulumiwa.

Basi tunawaambia wadogo zetu: kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa hesabu, jiulizeni jibu litakuwa la mamia au la maelfu? Litavuka kiasi gani? Haliwezi kupungua kiasi gani? Andikeni pembeni kwa kalamu ya risasi. Ni kazi ya muda wa kunywa funda moja la maji.

Kila hesabu ina njia yake ya kurudi

Kadirio linakamata makosa makubwa. Makosa madogo yanalipita. Kama tungeandika Sh 234,000 badala ya 237,000, kadirio lisingetuambia kitu. Kwa hiyo baada ya kupata jibu ipo kazi ya pili, nayo ni kurudi kwa njia nyingine. Tunasisitiza "njia nyingine" kwa sababu mtu akirudia njia ileile mara nyingi hukosea palepale. Jicho limeshazoea.

Uliyejumlisha kutoka juu kwenda chini, jumlisha sasa kutoka chini kwenda juu. Uliyetoa, chukua baki uliongeze kwenye kile ulichokitoa, urudi ulikoanzia. Uliyegawanya, zidisha, kisha ongeza baki. Mfano, tende 1,000 zinagawiwa wanafunzi 79. Kwa kadirio, 1,000 kwa 80 ni 12 na nusu, basi kila mmoja atapata kama 12. Ukigawanya unapata 12 na baki 52. Rudi: 79 mara 12 ni 948, ongeza 52, unapata 1,000. Hesabu imekwenda na imerudi salama.

Katika zaka njia ni hiyo hiyo. Mfanyabiashara ana mali ya Sh 64,800,000 iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Zaka yake ni moja ya arubaini. Gawa kwa kumi, 6,480,000. Nusu yake, 3,240,000. Nusu tena, 1,620,000. Rudi: 1,620,000 mara 40 ni 64,800,000. Sasa chukua mtu aliyebonyeza simu yake, sifuri moja ikampita, akapata 162,000. Akitoa hizo ataondoka na moyo mweupe akidhani ametakasa mali yake, kumbe haki ya mafakiri na maskini iliyobaki mikononi mwake ni Sh 1,458,000. Hakukusudia kudhulumu. Lakini maskini aliyekosa unga hakuna anachokipata katika kutokukusudia kwake.

Mizani ya wazee wetu

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya skuli na ya Wazungu, na madrasa haihusiki. Hapa hatuna budi kukumbushana historia.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun (813 hadi 833 Miladia), aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililoipa dunia neno "aljebra". Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Mwanachuoni huyo hakuiona hesabu kuwa mbali na sheria ya dini. Aliiona kuwa chombo cha kumfikishia mrithi haki yake.

Baada yake, mwaka 341 Hijria, kama 952 Miladia, Abul Hasan al-Uqlidisi aliandika mjini Damascus kitabu cha hesabu za Kihindi, yaani hesabu za tarakimu kumi tunazozitumia sote leo. Wakati huo watu walikuwa wakifanya hesabu hizo juu ya ubao wenye vumbi, wakiandika kwa kidole na kufuta huku wakiendelea. Mwisho wa kazi hubaki jibu peke yake. Al-Uqlidisi alionyesha namna ya kuzifanya kwa wino na karatasi. Sisi tunaona faida kubwa ndani yake. Kazi iliyoandikwa kwa wino inabaki, na iliyobaki inaweza kukaguliwa. Basi wale wenzetu wanaofuta kwa raba kila hatua ili daftari lipendeze, wajue kwamba wanaurudia ubao wa vumbi.

Katika vitabu vya hesabu vya Kiarabu vya zama hizo mnapatikana pia kipimo kilichoitwa mizani. Tunakieleza hapa kwa sababu ni chepesi na kinafurahisha. Chukua 47 mara 68. Umepata 3,196. Je, ni sahihi? Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja. 4 na 7 ni 11, na 1 na 1 ni 2. Kisha 6 na 8 ni 14, na 1 na 4 ni 5. Zidisha 2 kwa 5 upate 10, na 1 na 0 ni 1. Sasa lipime jibu: 3 na 1 na 9 na 6 ni 19, na 1 na 9 ni 10, na 1 na 0 ni 1. Pande mbili zimelingana. Kama ungeandika 3,296, tarakimu zingeleta 20, kisha 2, nayo hailingani na 1. Hapo ungejua umekosea bila ya kuambiwa na mwalimu.

Siri yake ni kwamba ukijumlisha tarakimu za namba namna hii unapata kile kinachobaki namba hiyo ikigawiwa kwa 9, isipokuwa ikigawika sawasawa, ambapo hubaki 9 yenyewe. Ndiyo maana inaitwa mizani ya tisa.

Lakini tuwe wakweli, mizani hii ina upofu wake. Haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ipime 273 na uipime 237, zote zinaleta 12, kisha 3. Kosa letu la futari lingepita mbele ya mizani ya tisa likitabasamu. Hata hivyo tisa hiyo hiyo inakufunua kwa njia nyingine. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea daima hugawika kwa 9. Fedha zetu zilipungua 36,000, nayo ni 9 mara 4,000. Washika vitabu wa madukani wanalijua jambo hili. Wakiona pengo linalogawika kwa tisa, jambo la kwanza wanatafuta namba iliyoandikwa kinyume. Si kila pengo la namna hiyo ni kosa la kuandika, lakini ni sababu tosha ya kufungua daftari kabla ya kufungua mfuko wa mtoto wa mtu.

Hivyo hakuna chujio moja linalokamata kila kitu. Kadirio linakamata yaliyovuka mpaka, mizani ya tisa inakamata tarakimu iliyoharibika, kurudi kwa njia nyingine kunakamata yaliyobaki. Anayetumia mawili yuko salama zaidi ya anayetumia moja, na asiyetumia hata moja anajitegemea nafsi yake, nayo nafsi husahau.

Jumla inaweza kuwa sahihi na haki ikapotea

Sasa tuje kwenye jambo zito kuliko futari. Katika futari lilikuwapo kopo, na kopo lilisema kweli. Katika mirathi hakuna kopo la kulinganisha. Ipo karatasi tu, na warithi waliokaa msibani wakisubiri kutajiwa mafungu.

Tuseme mtu amefariki. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, imebaki Sh 4,800,000. Ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Kama tulivyofundishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke ana thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili.

Mtu anakaa na kalamu. Thumuni ya 4,800,000 ni 600,000, anampa mke. Anatoa, inabaki 4,200,000. Kisha anachukua sudusi ya hiyo 4,200,000, anapata 700,000, anampa mama. Inabaki 3,500,000. Anaigawa mafungu manne ya 875,000: mwana wa kiume 1,750,000, kila binti 875,000. Anajumlisha kila kitu: 600,000, na 700,000, na 1,750,000, na 875,000 mara mbili. Anapata 4,800,000 kamili. Hakuna shilingi iliyozidi wala iliyopungua. Anafunga karatasi na kumshukuru Mungu.

Na mama wa marehemu amepunjwa Sh 100,000.

Sudusi ya mama ni ya mali yote iliyorithiwa, si ya kilichobaki baada ya mke. Sudusi ya 4,800,000 ni 800,000. Watoto hubakiwa na 3,400,000: mwana wa kiume 1,700,000, kila binti 850,000. Ukijumlisha hapa nako unapata 4,800,000. Karatasi mbili, jumla moja, na moja kati yake ni dhulma.

Basi kujumlisha mafungu peke yake hakutoshi. Kila fungu lirudishwe kwenye asili yake. Mama ana sudusi, basi fungu lake mara sita lirudi kuwa mali yote. 700,000 mara 6 ni 4,200,000, haikufika. 800,000 mara 6 ni 4,800,000, imefika. Mke ana thumuni, 600,000 mara 8 ni 4,800,000, imefika. Hesabu mbili za kuzidisha, nusu dakika, na haki ya bibi kizee imesimama.

Tunasema bibi kizee kwa kusudi. Aliyefiwa na mwanawe, ameketi ndani na wanawake wenzake, hatouliza fungu lake limepatikanaje. Ataambiwa, ataitikia, atasema alhamdulillahi. Mwenye kalamu ndiye wakili wake, atake asitake.

Adabu ya kumkumbusha mkubwa

Tumeulizwa swali jema na mwenzetu mmoja wakati tukiandika makala haya. Alisema: nikiona hesabu ya mtu mzima ina kosa, si nitakuwa nimemvunjia heshima nikimwambia?

Swali hili si dogo katika jamii yetu, na kwa maoni yetu ndilo linaloyaacha makosa mengi yaishi. Tunaona haya. Karani mzee ameandika, mjomba amegawa, kaka mkubwa amejumlisha, nasi tunanyamaza.

Lakini tazameni dini yetu ilivyotufundisha katika ibada iliyo kubwa kuliko biashara yoyote. Imamu akisahau katika swala, maamuma hawanyamazi. Mwanamume anasema Subhanallah, mwanamke anapiga kofi. Imamu hakukasirika na maamuma hakufedheheka. Na mwenye kuswali akiingiwa na shaka kama ameswali rakaa tatu au nne, anafundishwa ashike zile alizo na yakini nazo, yaani chache, akamilishe, kisha alete sijda ya kusahau. Kusahau kumetarajiwa na njia ya kurekebisha imewekwa. Pia katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, tumeamrishwa deni liandikwe na mashahidi wawepo, na katika ushahidi huo mmoja akipotewa amkumbushe mwenzake. Iwapo katika swala na katika deni tunakumbushana, katika hesabu ya mchango wa futari tunaona haya ya nini?

Kinachotakiwa ni namna ya kusema. Usiseme, "Umekosea." Sema, "Mjomba, naomba unieleweshe hapa, mimi nimepata tofauti." Kisha mpe karatasi yako aione. Mara nyingine atakuonyesha kwamba mwenye kosa ni wewe, na hapo utakuwa umejifunza bila ya kujidhalilisha. Mara nyingine ataliona mwenyewe, atalirekebisha kwa mkono wake, na heshima yake itabaki.

Wengine watasema simu imekuja, hesabu za nini tena? Tunajibu kwamba simu haikosei kujumlisha, bali inajumlisha ulichokibonyeza. Haijui kama ulitaka 45 ukabonyeza 54. Kilo 45 za mchele kwa Sh 2,900 ni Sh 130,500. Ukibonyeza 54 simu itakuambia 156,600 kwa utulivu uleule. Lakini mwenye kukadiria anajua bei haifiki 3,000, na kilo 45 kwa 3,000 ni 135,000, basi 156,600 haiwezekani. Simu ni kalamu nzuri. Haijawahi kuwa akili ya mwenye kuishika.

Tunayoyaomba

Kwa hayo tunawaomba walimu wetu, kwa heshima na taadhima, na tunawausia wenzetu mambo manne.

Kwanza, katika masomo ya mirathi na zaka kila hesabu iwe na mstari wa kadirio juu yake na mstari wa uhakiki chini yake, na mistari hiyo ipewe alama zake. Kinachopewa alama ndicho wanafunzi wanachokifanya.

Pili, hatua za hesabu zisifutwe kwa raba. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lionekane, kwani aliyeona lilipotokea kosa lake halirudii kwa urahisi.

Tatu, kila buku la fedha za madrasa lishikwe na wawili, na kila mmoja ajumlishe peke yake kabla ya kuoneshana. Jambo hili si kutiliana shaka. Linamlinda mshika fedha na linamlinda mshika kalamu.

Nne, na hili ndilo lililotufanya tuandike: fedha zikipungua, lifunguliwe daftari kwanza. Ihesabiwe karatasi mara mbili, kwa njia mbili, kabla ya jina la mtu yeyote kutajwa. Fedha zikipotea zinaweza kuchangwa tena. Jina la mtoto likishatajwa kwa wizi, hata akisafishwa, wapo watakaosikia tuhuma na wasisikie msamaha.

Sote tunaijua Suratul Mutaffifin na onyo lake kali kwa wanaopunja vipimo. Onyo hilo ni kwa wanaokusudia. Lakini mtu anayejua kwamba mkono wake hukosea, na ana njia nyepesi ya kuujua ukweli, kisha akaiacha kwa uvivu, asijione yuko mbali sana na mizani pungufu.

Mwenzetu mwenye kopo sasa ndiye mshika buku la hesabu la madrasa. Alichaguliwa na darasa lake mwenyewe. Juzi tulilifungua buku hilo tukakuta kila jumla ina namba ndogo pembeni kwa kalamu ya risasi. Tulipomuuliza ni nini, alisema, "Ni kadirio, kaka. Ili kesho asije akaulizwa mtu."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atusamehe tulipokosea, atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo na kikubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.